Kupanga eneokazi la Linux kwa amri: gsettings na dconf katika chumba cha kompyuta Lamu

Katika chumba kimoja cha chini mtaani Langoni, mjini Lamu, zimepangwa kompyuta tisa, na kila moja ina akaunti tatu au nne. Wanafunzi wa sekondari huja alasiri, kina mama huja asubuhi kuchapa barua na daftari za vikundi vyao vya akiba, na walimu wa madrasa huja baada ya Isha kuandaa maswali kwa Kiarabu. Kompyuta zote zinatumia Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, yenye eneokazi (desktop) la GNOME, na mimi ndiye ninayezitunza. Kwa muda mrefu nilikuwa nikibadilisha mipangilio yake kwa kipanya, dirisha baada ya dirisha na mashine baada ya mashine, na kila nilipomaliza ya tisa niligundua kwamba ya nne nimeiruka hatua. Mpangilio unaoandikwa kwa amri hauna tabu hiyo, kwa sababu huandikwa mara moja, husomeka, hurudiwa bila kupotoka, na huweza kutenguliwa kwa uhakika, mradi tu aliyeuandika alisoma kwanza hali ilivyokuwa. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolisisitiza katika maelezo haya yote: soma kabla hujaandika, na ujue unamwandikia nani.

Mipangilio inakaa wapi

Zamani, katika GNOME 2, mipangilio ilihifadhiwa na mfumo uitwao GConf, katika mafaili mengi ya XML ndani ya folda iliyofichwa ya mtumiaji, na amri yake ilikuwa gconftool-2. GNOME 3 ilipotoka mwaka 2011, kazi hiyo ilikuwa imehamia kwa mfumo mpya wa GSettings. Ukikutana na maelekezo yanayokuambia utumie gconftool-2, yaache, kwani ni ya zama zilizopita na hayatagusa eneokazi la leo.

Leo kuna tabaka mbili. Chini kabisa kuna dconf, hifadhidata ndogo ambayo kwa kila mtumiaji ni faili moja tu, ~/.config/dconf/user. Faili hilo haliandikwi kwa maandishi ya kawaida, kwa hiyo usijaribu kulifungua kwa kihariri na kulirekebisha, maana utaliharibu. Juu yake kuna GSettings, inayojua kila mpangilio unaitwaje, unapokea thamani ya aina gani, na thamani yake ya msingi ni ipi, yaani ile inayotumika kabla mtu hajagusa kitu. Maelezo hayo yamo katika skima, na kila skima ina funguo zake. Amri ya gsettings huzungumza na tabaka la juu, na amri ya dconf huzungumza na la chini moja kwa moja. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu gsettings hukataa thamani isiyofaa, ilhali dconf huandika chochote ulichoipa, hata kama ufunguo huo haupo popote. Kwa kazi ya kila siku mimi hutumia gsettings, na dconf huiachia kazi tatu tu, nitakazozieleza mbele.

Mazungumzo haya yote yanahusu GNOME. Kuna maeneokazi mengine ya Linux. MATE na Cinnamon nazo hutumia GSettings, ila majina ya skima zao huanza na org.mate na org.cinnamon. XFCE ina chombo chake, xfconf-query, na KDE ina njia yake mbali kabisa.

Kusoma kwanza

Fungua Terminal, yaani dirisha la kuandikia amri, kwa kubonyeza Ctrl, Alt na T kwa pamoja. Tuanze na saa iliyo juu ya skrini, kwa kuwa haina madhara:

gsettings get org.gnome.desktop.interface clock-format

Sehemu ndefu yenye nukta ni jina la skima, na neno la mwisho ni ufunguo. Jibu litakuwa '24h' au '12h', likiwa ndani ya alama za nukuu kwa sababu ni maandishi wala si namba. Kabla ya kubadilisha, uliza ni thamani zipi zinazokubalika:

gsettings range org.gnome.desktop.interface clock-format

Utajibiwa neno enum, kisha chini yake thamani zote zinazoruhusiwa. Ukitaka ufafanuzi wa ufunguo wenyewe, weka describe mahali pa range. Sasa badilisha:

gsettings set org.gnome.desktop.interface clock-format '12h'

Mabadiliko huonekana papo hapo, bila kuhifadhi na bila kuwasha upya. Hapa kwetu mpangilio huu si urembo. Mtu anayehesabu saa kwa Kiswahili akiona 17:00 humbidi atoe kumi na mbili apate tano, kisha tano hiyo aigeuze kuwa saa kumi na moja jioni. Akiona 5:00 hatua ya kwanza imeshafanyika. Kina mama wa asubuhi walipendelea 12h, vijana wa alasiri wakabaki na 24h, na kila kundi likapata lake kwa sababu mpangilio ni wa akaunti, si wa mashine.

Ukiandika thamani isiyoruhusiwa, kwa mfano '13h', gsettings itakataa na kukuambia kwamba thamani uliyotoa iko nje ya mipaka. Ukikosea jina la ufunguo itakuambia hakuna ufunguo huo. Usiudhike na makatazo haya, kwani ndiyo ulinzi wako. Kitufe cha Tab nacho husaidia: andika mwanzo wa jina la skima kisha kibonyeze, na jina litajikamilisha lenyewe, jambo linalopunguza makosa ya vidole kuliko kitu kingine chochote ninachokijua.

Kurudi ulikotoka ni amri moja:

gsettings reset org.gnome.desktop.interface clock-format

Lakini zingatia kwamba reset hurudisha thamani ya msingi, haikurudishii ile uliyokuwa nayo jana. Ikiwa mwenye akaunti alikuwa na chaguo lake, ni wewe uliyepaswa kulisoma na kuliandika pembeni kabla ya kuligusa.

Maandishi makubwa na kibodi ya Kiarabu

Mama mmoja mzee, mweka hazina wa kikundi chake, alikuwa akisogeza uso hadi karibu na skrini kila alipotafuta faili lake. Siku moja akaniita, akasema, "Mwanangu, hapa mato hayaoni kitu." Nikamwambia, "Shikamoo bibi, ngoja nikukuzie herufi," nikaandika mbele yake:

gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.4

Namba 1.0 ndiyo kipimo cha kawaida, na mipaka ni kuanzia 0.5 hadi 3.0. Tulianza na 1.25, akatikisa kichwa, tukajaribu 1.4, akasogea nyuma na kuegemea kiti. Ukizidisha sana, vitufe vya chini vya baadhi ya madirisha vitatoka nje ya skrini ndogo, kwa hiyo panda kidogo kidogo, na umwachie mwenye macho aamue.

Kibodi ina mambo mengi zaidi. Walimu wa madrasa wanahitaji Kiarabu na herufi za kawaida katika kikao kimoja. Soma kwanza kilichopo:

gsettings get org.gnome.desktop.input-sources sources

Jibu ni orodha ya jozi, kwa mfano [('xkb', 'us')]. Kuongeza Kiarabu kunahitaji kuandika orodha nzima upya, pamoja na kile kilichokuwapo, kwa sababu set haiongezi kwenye orodha bali huibadilisha yote:

gsettings set org.gnome.desktop.input-sources sources "[('xkb', 'us'), ('xkb', 'ara')]"

Tazama alama za nukuu kwa makini. Zile mbilimbili za nje ni za ganda la amri (shell), yaani programu inayosoma amri unazoandika kwenye Terminal, ili lisiikate orodha kwenye nafasi na mabano. Zile moja moja za ndani ni sehemu ya thamani yenyewe. Ukiziacha za nje, ganda litalalamikia mabano kabla gsettings haijapata nafasi ya kusema neno. Mpangilio wa 'ke', ambao ni wa Kiswahili cha Kenya, nao upo, na unaweza kuuweka mahali pa 'us' ukipenda.

Kuanzia hapo, mwalimu hubadilisha kibodi kwa kubonyeza Super, kile kitufe ambacho kwenye kibodi nyingi kina alama ya Windows, pamoja na nafasi. Ila kero moja ilibaki: akitoka kwenye dirisha la maswali ya Kiarabu kwenda kuandika baruapepe, kibodi ilibaki kwenye Kiarabu, na mstari mzima ukaharibika kabla hajainua macho. Dawa yake ni ufunguo mwingine wa skima hiyohiyo:

gsettings set org.gnome.desktop.input-sources per-window true

Sasa kila dirisha hukumbuka kibodi yake. Kwa anayeandika lugha mbili zenye herufi tofauti, hakuna mpangilio wenye faida kuliko huu, na wengi hawajui kama upo.

Skrini na betri

Umeme ukikatika, vipakatalishi viwili tulivyonavyo ndivyo vinavyoendeleza kazi, na kila dakika ya betri ina thamani. Muda wa kompyuta kukaa bila kuguswa kabla skrini haijazimika hupimwa kwa sekunde:

gsettings get org.gnome.desktop.session idle-delay

Jibu uint32 300 lina maana ya dakika tano; neno uint32 linataja tu aina ya namba, na huhitaji kuliandika unapobadilisha kwa gsettings. Kwenye vipakatalishi nimeweka 120. Kwenye kompyuta inayounganishwa na projekta wakati wa mafunzo huweka 0, ambayo maana yake ni kwamba skrini isizimike kamwe, kisha mafunzo yakiisha hurudisha kwa reset. Asilimia ya betri nayo huonyeshwa kwa kuupa ufunguo wa show-battery-percentage, katika org.gnome.desktop.interface, thamani ya true.

Ukiwa hujui jina la ufunguo

Skima ni nyingi mno, na hakuna anayezikariri. Waweza kuzipitia zote na kuchuja kwa neno:

gsettings list-recursively | grep -i battery

Lakini njia ninayoipenda zaidi ni kazi ya kwanza kati ya zile tatu nilizoiachia dconf. Fungua Terminal, andika dconf watch ikifuatwa na mkwaju mmoja, uiache wazi:

dconf watch /

Kisha nenda kwenye Mipangilio ya kawaida, ubofye kile unachotaka kubadilisha, kwa mfano kuzima kubofya kwa kugusa touchpad. Papo hapo Terminal itaandika njia ya ufunguo uliobadilika, /org/gnome/desktop/peripherals/touchpad/tap-to-click, na chini yake thamani mpya, false. Umeonyeshwa jina bila kulitafuta. Mara nyingi hutosha kugeuza mikwaju kuwa nukta ili kupata skima, na kipande cha mwisho ndicho ufunguo. Ukimaliza, bonyeza Ctrl na C.

Kutunza nakala

Mali bila daftari hupotea bila habari, na mipangilio ni hivyo hivyo. Kabla ya kazi yoyote kubwa mimi huandika nakala ya hali ilivyo, na hii ndiyo kazi ya pili ya dconf:

dconf dump /org/gnome/desktop/ > ~/eneokazi-kabla.ini

Mkwaju wa mwanzo na wa mwisho ni wa lazima. Faili linalopatikana ni la maandishi ya kawaida, na lina zile thamani tu ambazo mtumiaji amezibadilisha; zilizo kwenye thamani ya msingi hazimo. Kulirudisha:

dconf load /org/gnome/desktop/ < ~/eneokazi-kabla.ini

Mambo mawili huwatatiza watu hapa. La kwanza, njia zilizo ndani ya faili zinahesabiwa kuanzia pale ulipochukulia nakala, kwa hiyo lazima ulirudishe mahali palepale. Nakala iliyochukuliwa kwenye /org/gnome/desktop/ ikipakiwa kwenye / itaandika takataka zisizosomwa na programu yoyote, na dconf haitakuonya. La pili, load huchanganya na kilichopo, haifuti ufunguo ulioongezwa baadaye. Ukitaka hali iwe sawasawa na ya nakala, safisha kwanza folda hiyo kwa dconf reset -f /org/gnome/desktop/ ndipo upakie. Amri hiyo ya kusafisha iandike polepole, kwa sababu ukiishia kwenye mkwaju wa kwanza na kubonyeza Enter, utakuwa umefuta mipangilio yote ya akaunti, na kama hukuchukua nakala, hakuna pa kuirudishia.

Kumwandikia mtumiaji mwingine

Kosa lililonichukulia muda mwingi kuliko yote lilitokana na sudo. Nilikuwa kwenye akaunti yangu ya msimamizi, nikataka kubadilisha picha ya eneokazi ya akaunti ya wanafunzi, nikaandika sudo gsettings set na mengine yake kwenye mashine zote tisa. Kesho yake wanafunzi walipoingia hapakuwa na hata moja iliyobadilika. Sababu ni kwamba sudo hukufanya kuwa root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na root naye ana mipangilio yake mwenyewe. Nilikuwa nimempangia eneokazi mtu ambaye haketi kamwe mbele ya skrini. Wakati mwingine amri ya namna hii hutoa onyo, wakati mwingine hupita kimya, na ukimya huo ndio unaopoteza watu.

Ikiwa akaunti unayoilenga haijaingia, andika hivi, ukiweka jina lake mahali pa mwanafunzi:

sudo -H -u mwanafunzi dbus-run-session -- gsettings set org.gnome.desktop.interface clock-format '24h'

Kipande cha dbus-run-session kinahitajika kwa sababu dconf huandika kupitia D-Bus, njia ambayo programu za kikao kimoja hupelekeana ujumbe, na mtu ambaye hajaingia hana kikao. Ikiwa ameingia, tumia kikao chake kilichopo. Pata namba yake kwa id -u mwanafunzi, na kama ni 1001:

sudo -u mwanafunzi DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1001/bus gsettings set org.gnome.desktop.interface clock-format '24h'

Mpangilio wa mashine nzima

Akaunti zikiwa nyingi, kumwandikia kila mmoja hakufai. Kazi ya tatu ya dconf ni kuweka thamani za msingi za mashine nzima. Hakikisha kwanza kwamba faili /etc/dconf/profile/user lipo na lina mistari hii miwili; kama halipo, litengeneze kwa sudo:

user-db:user
system-db:local

Maana yake ni kwamba dconf iangalie kwanza kwa mtumiaji, isipokuta kitu iangalie kwenye hifadhidata ya mfumo iitwayo local. Kisha tengeneza folda:

sudo mkdir -p /etc/dconf/db/local.d/locks

Ndani ya local.d weka faili, kwa mfano 00-chumba, lenye maandishi haya:

[org/gnome/desktop/background]
picture-uri='file:///usr/share/backgrounds/jahazi.jpg'
picture-uri-dark='file:///usr/share/backgrounds/jahazi.jpg'
picture-options='zoom'

Picha yenyewe iweke kwenye /usr/share/backgrounds. Tangu Ubuntu 21.04 folda ya nyumbani ya mtumiaji mpya hufungwa kwa watumiaji wengine, kwa hiyo picha iliyo kwenye folda yako haitasomeka kwao. Ufunguo wa picture-uri-dark ulikuja na GNOME 42 mwaka 2022, na ndio unaotumika mtu akichagua mwonekano wa giza. Wengi huuacha, kisha wakashangaa picha haibadiliki. Maliza kwa:

sudo dconf update

Bila amri hii faili lako ni maandishi tu. Mwambie mtumiaji atoke na kuingia tena. Aliyewahi kuchagua picha yake mwenyewe ataendelea kuiona, kwa sababu chaguo la mtumiaji hutangulia, na mimi naona hiyo ni haki yake. Ila akaunti ya wanafunzi hutumiwa na wengi, na picha yake ilikuwa ikibadilishwa kila siku, nyingine zikiwa za kuwaudhi wenzao. Kwa hali kama hiyo kuna kufuli. Ndani ya folda ya locks weka faili lenye njia kamili za funguo unazozifunga, moja kwa kila mstari:

/org/gnome/desktop/background/picture-uri
/org/gnome/desktop/background/picture-uri-dark

Endesha tena sudo dconf update. Kufuli hili linamshika kila mtumiaji wa mashine hiyo, si wanafunzi peke yao, kwa hiyo funga machache na uwaeleze watu kabla hujafunga. Kuhakikisha limeshika, ingia kama mwanafunzi, uulize:

gsettings writable org.gnome.desktop.background picture-uri

Likijibu false, kufuli limekaa. Likijibu true, angalia kwanza kama faili la profile limeandikwa sawa, kwani hapo ndipo kosa huwa mara nyingi, kisha uangalie kama ulisahau dconf update. Siku ukitaka kulifungua, futa faili lililo ndani ya locks, uendeshe dconf update mara moja tena, na watumiaji watoke na kuingia upya.